Masikio ya Panya wa Mahame

Nyangamara, Agosti 1976, mwaka wa thelathini na mbili tangu tuondoke

Mdogo wangu Somoe,

Nakusalimu wewe na wajukuu huko Tanga. Uliniagiza nitazame kama kiwanja cha baba kinaweza kutupokea uzeeni. Tangu watu wahamie kijiji cha ujamaa, kule hakuna aliyebaki.

Jana hapa kijijini Zainabu, yule mtoto wa shangazi, alinionyesha panya wawili wa porini aliowatega wasimalize karanga zake. Mmoja masikio yake yalijaa punje ndogo za kahawia. Nikasema, "Huyu kalala kwenye ufuta." Zainabu akacheka mpaka akakaa chini. "Ufuta wa Tanga una miguu? Hao kupe, binamu!"

Kumbe huku watu hutazama masikio ya panya kabla ya kupeleka mbuzi malishoni, wajue wapi pana kupe. Yule msafi alinaswa karibu na ua wake, panapofagiliwa kila asubuhi. Mwenye kupe alitoka kwenye mahame ya baba, pale ulipokuwa ukitwanga.

"Mjomba angekuwapo angefyeka," akasema, utani umemwisha. "Ukitaka kukaa, kaa kwangu."

Nilikwenda hata hivyo. Nyasi zimenipita urefu, hata kizingiti sikukiona. Niliporudi Zainabu alinitoa kupe saba shingoni, akiwahesabu kwa sauti ili majirani wasikie.

Nakuletea karanga zake, tamu kama zile za mama. Mungu akutunze, mdogo wangu. Mimi sitarudi kuishi huku.

Kaka yako