Mstari wa Penseli Kwenye Kichwa cha Stendi

Shangazi Mwanaidi,

Nakuomba kabla hujafika mstari wa pili: haya ninayokuandikia yabaki kwako. Usimwambie mtu yeyote huko, na zaidi usimwambie Bibi, maana Bibi hajawahi kukaa na neno kutwa nzima. Nimefunga mlango wa masjala kwa ndani. Karatasi hii ni yangu, si ya ofisi, na kalamu pia ni yangu.

Najua marehemu hapelekewi barua. Yasini nakusomea kila Ijumaa, sijaacha. Lakini kwenye Yasini hakuna mahali pa kutaja mafuta ya cherehani, na mimi nina habari ya mafuta ya cherehani. Nitaifikia. Nipe muda kidogo nianze na mengine.

Nimeajiriwa. Ni karani wa masjala sasa, nina meza karibu na dirisha na kabati la mafaili ambalo nalifunga, narudi kulitazama, kisha narudi tena. Hujashangaa. Ulikuwa ukisema mimi ningeweza kuogopa hata kivuli cha stendi ya kamera.

Humu masjalani kuna ramani za zamani za mashamba, kuanzia Mkwaja hadi Ushongo, zilizochorwa kwa mkono. Zimekauka kama chapati iliyosahaulika juani. Wazee huja kuulizia mipaka yao, nasi tunazifungua, na kila tukizifungua kipande kinabaki mezani. Ikaamuliwa zipigwe picha zote. Mkuu wangu, Mzee Mhina, akakumbuka kwamba siku ya usaili nilisema nimelelewa na mpiga picha. Kamera ilikuwepo, na stendi yenye miguu imara ilikuwepo. Lakini kile kichwa cha juu, kinachoshika kamera na kuielekeza, kilikuwa cha plastiki na kimepasuka.

Wewe unaona hatari ilipo bila kuelezwa. Ramani inalazwa mezani, kamera inainamishwa itazame chini kabisa, uzito wote unaning'inia. Kichwa kikilegea, kamera inaiangukia karatasi ambayo hakuna nyingine kama hiyo. Mzee Mhina aliniambia mbele ya wenzangu, kwa ile sauti yake ya upole inayonitisha kuliko ukali: "Rukia, kichwa utachagua wewe. Na kitakachoanguka kitakuwa chako."

Mchana ule sikuweza kula.

Nikaenda Tanga mjini, kwenye duka la vifaa vya kamera. Kijana wa pale akanitolea kichwa cha gololi, kinang'aa kama kito, kikizunguka kila upande kwa kidole kimoja. Boksi limeandikwa kilo kinazoweza kubeba. Nikamuuliza kama kilo hizo ni kamera ikiwa imesimama au ikiwa imeinama. Akalitazama boksi, kisha akatazama dari.

Basi nikafanya kama wewe. Nilikifunga kwenye stendi ya pale dukani, nikakiinamisha, nikakikaza kwa vidole viwili tu, kwa sababu ulinifundisha kwamba kichwa kinachodai nguvu ya mkono mzima kitakuwa kimekuchosha kabla ya adhuhuri. Nikatoa penseli nikachora mstari mwembamba kukatiza kwenye maungio, nusu juu, nusu chini, ili kikizama hata kidogo nione. Nikatundika kikapu chenye chupa mbili za maji. Nikaomba kiti, nikakaa.

Yule kijana alisimama akinitazama, kisha akaniuliza: "Dada, unanunua kichwa cha kamera au winchi ya bandarini?"

Nikamwambia nikipata vyote viwili kwa pamoja nitashukuru.

Kijana hajamaliza kikombe chake cha kahawa, mstari ukawa vipande viwili. Kichwa cha pili hakikuzama, ila kila nilipokikaza kilijivuta juu kidogo, ukiiweka ramani katikati inahama pembeni. Cha tatu nilikiona mwenyewe, kwenye rafu ya chini kabisa, rangi imebanduka, kizito kama pasi ya mkaa. Kina vishikio vitatu: kimoja cha kuinamisha mbele, kimoja cha kulaza upande, kimoja cha kuzungusha. Gololi ukiilegeza inalegea kote kwa mara moja. Hiki ukilegeza kishikio kimoja, viwili vinabaki vimeshika. Nikachora mstari. Adhana ya adhuhuri ikapigwa, kijana akaenda kuswali akaniachia duka. Aliporudi mstari ulikuwa mzima. Akasema nikichukue niende nacho kabla sijaanza kukipima presha.

Sikuogopa, Shangazi. Mimi huyu. Nilijua ninachokitafuta, nikakijua nilipokiona.

Ramani ya Ushongo ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Nilipoinamisha kamera, Mzee Mhina akaingiza mikono yake miwili chini yake, kama mtu anayepokea mtoto. Nikamwambia, "Samahani mzee, toa mikono, inaingia kwenye picha." Akaitoa. Wenzangu wakacheka, naye akacheka. Tangu siku hiyo hajaja tena kusimama nyuma yangu. Tumebakiza chache tu.

Sasa neno lenyewe.

Unaikumbuka harusi ya Zuhura, Pangani. Unaikumbuka, najua. Nilikuwa kidato cha nne. Upande wa wanawake, ambako wapiga picha wanaume hawaingii, ndiko kulikokuwa kwako, ndiyo maana walikuita kutoka kila kona ya pwani hii. Siku ile bibi yake mama Zuhura aliletwa kutoka Mkwaja, akabebwa na kiti chake hadi ndani. Vizazi vinne mbele ya kamera. Macho yake hayakuweza mwanga wa flashi, ukaizima, ukapiga polepole, ukawaambia watulie wahesabu hadi tatu kimoyomoyo. Na kamera, ikiwa juu ya stendi, imekazwa, ikainama. Polepole sana, kama mtu anayesinzia. Picha zote za kikao kile zikatoka uso wa yule mzee umevutwa chini, kama rangi iliyonyeshewa mvua. Akarudi Mkwaja, na hakupata kupigwa nyingine. Hata miezi miwili haikwisha wakamzika.

Jioni ile ile ya harusi, bibi keshaondoka, mama Zuhura aliziona kwenye kioo cha kamera, akasema mbele ya wanawake wote: "Mwanaidi mkono umezeeka, akae nyumbani ashone."

Tulipofika nyumbani uliukunjua mkono wako wa kulia, ukautazama, ukasema, "Umeanza kunisaliti huu." Hukuisimamisha tena stendi. Miaka mitatu ulishona, hadi ukatutoka.

Haukuwa mkono, Shangazi.

Asubuhi ya harusi ulinituma nifungashe vifaa. Gololi ya kichwa cha stendi yako ilikuwa inakwaruza kwa chumvi ya bahari, kama bawaba za milango yetu, kama kufuli la uani. Nami nikafanya tunachofanya huku kwa kila chuma kinachokwaruza. Nilichukua kichupa chako cha mafuta ya cherehani nikatia matone matatu. Ikateleza vizuri mno. Nilijisifu. Sikujua kwamba gololi hushika kwa sababu ya ukavu wake.

Nilijua jioni ile ile. Nilipokuwa nakifungua kichwa, vidole vyangu viling'aa. Nikavifuta kwenye kanga. Ukasema lile neno la mkono kukusaliti, mimi nimesimama mlangoni na kanga ile mwilini, na sikusema kitu. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikawa...

Nimeinuka kidogo. Nimerudi.

Baada ya arobaini yako baba aligawa vitu, stendi na kichwa chake nikapewa mimi. Sikukigusa. Nilikuwa nakipita kama nampita mbwa. Jumapili iliyopita nilikifungua. Nikakisafisha kwa spiriti na kitambaa cha pamba, nikarudia, hadi kitambaa kikatoka cheupe. Nikakiacha kivulini kikauke. Nikakikaza kwa vidole viwili, nikachora mstari, nikatundika chupa mbili, kisha ya tatu. Kuanzia chai ya asubuhi hadi alasiri.

Mstari haukusogea hata unene wa unywele. Kichwa chako ni kizima. Na mkono wako ulikikaza siku ile kama ulivyokikaza siku zote.

Mwezi ujao anaolewa mdogo wake Zuhura. Wamenitumia salamu: upande wa wanawake nipige mimi, kwa kuwa ni mtoto wa kaka yako na hawana mwingine. Nimekubali. Nitakwenda na kichwa chako, kikavu. Na kabla ya picha ya kwanza, nitasimama mbele ya wanawake wale wale nimwambie mama Zuhura kwamba mkono wako haukuzeeka, na kwamba picha ya bibi yake niliiharibu mimi. Atasema atakayoyasema. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na siri niliyokuomba ni ya hadi siku hiyo tu. Nataka waisikie kwangu kwanza.

Lala salama, Shangazi yangu. Mungu akuangazie huko kuliko flashi zote ulizozima kwa kuwahurumia wazee.

Ukitaka kunipata, mchana wa siku za kazi niko masjalani, meza ya dirishani. Usiingie ghafla, unanijua. Ni vizuri zaidi uje nyumbani kwako, chumba cha nyuma, palipokuwa na cherehani. Stendi imesimama hapo, na chupa tatu zinaning'inia. Mstari wa penseli sijaufuta. Ukiwa na neno la kuniambia, usogeze, nitauona. Ukiuacha ulivyo, nitaelewa hivyo hivyo.

Mwanao,
Rukia