Kodi ya Mwaka Mzima na Hatifungani ya Mjomba

Jumapili, tarehe 9 Februari

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naapa kukueleza yote, hata yanayoniaibisha. Niko kidato cha tatu, nasoma hesabu za biashara, na mama yangu ana chumba cha ushonaji chenye cherehani mbili, moja yake na moja anayoshonea mama mdogo, na Januari ilipoisha mama aliniambia, "Si unasoma hayo? Hebu nifungie hesabu za mwezi," nami nikafurahi mno, nikaandika mapato 70,000, nikatoa vitambaa, umeme na ujira wa mama mdogo 40,000, kisha nikatoa kodi ya chumba, 120,000, ambayo mama aliilipa mwezi huohuo kwa mwaka mzima, nikapata hasara ya 90,000 na kuipigia mstari mwekundu.

Mama alirudi kwenye cherehani yake. Mjomba ndiye aliyechangamka. Ana hatifungani, yaani karatasi ya kuikopesha serikali, na anataka kuiuza.

"Dada, uza cherehani moja, uchukue karatasi yangu kwa laki moja. Mwaka mmoja tu umebaki, utapata laki yako na riba 4,500 juu. Karatasi haikatiki sindano!"

"Na mimi nishonee vidole?" akauliza mama mdogo.

Juzi mwalimu alisema kodi huhesabiwa katika miezi ambayo chumba kinatumika. Lakini pesa imetoka, droo ni tupu, sasa nitasemaje haijatumika? Tena benki wamebandika tangazo la hatifungani mpya za mwaka mmoja zenye riba ya asilimia kumi, ila ya mjomba imeandikwa laki moja kwa herufi kubwa. Mnunuzi wa cherehani anakuja Jumamosi. Nakuomba unijibu katika gazeti la Alhamisi: je, mama auze?

*Mshauri anajibu:*

Asiuze. Marahaba, binti yangu. Kuchanganyikiwa si kosa, lakini huo mstari mwekundu ulikuwa na haraka gani? Pesa kutoka ni jambo moja, gharama ya mwezi ni jingine. Mama amelipia miezi kumi na miwili, Januari imekula mmoja tu: 10,000. Iliyobaki, 110,000, bado ni mali yenu, kwani mnadai miezi kumi na mmoja ya kukaa chumbani. Toa upya, utaona faida ya 20,000. Droo tupu inamtaka mama abane matumizi kwa muda. Haimtaki auze kinachomwingizia pesa.

Karatasi ya mjomba mwakani italipa 104,500, basi. Ukiweka 95,000 kwenye hizo mpya, utafika 104,500 hiyohiyo. Mama atoe laki kwa nini? Ile laki iliyoandikwa ni ya kulipwa siku ya mwisho, wala si bei ya leo. Simwiti mjomba mwizi. Huenda naye ametazama herufi kubwa tu.

Ukimaliza kusoma hapa, keti na mama na mama mdogo, sema "nilikosea", kisha fanya hesabu kwa sauti. Mnunuzi apigiwe simu asije. Mjomba akirudi, mwambie kwa heshima kwamba bei haizidi 95,000, tena siku mama atakapokuwa na akiba. Akikataa, akae nayo. Mwaka si mrefu, atalipwa mwenyewe.