Sikupotea, Nilikwenda Basotu kwa Baiskeli

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Genoveva Agustino Tluway
Umri: Miaka 52
Kabila: Mwiraqw. Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima na mshonaji wa nguo
Makazi: Tlawi, Wilaya ya Mbulu
Tarehe: Ijumaa, 10 Oktoba 2025, saa 3:20 asubuhi

Mimi ndiye mwanamke anayetafutwa tangu Jumatatu. Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuletwa na mtu, na ninajua kwamba nikidanganya hapa naweza kushtakiwa.

Ninaishi Tlawi na mume wangu, Vitalis Akonaay, miaka 58, mwalimu mstaafu na katekista. Tuna mtoto mmoja, Fabiola, ameolewa Babati. Afande alitaka nianzie Jumatatu. Nimemwomba nianzie mwezi wa tano, kwa sababu bila safari ile Jumatatu haieleweki.

Mnamo tarehe 5 Mei 2025 mimi na mume wangu tulianza hija ya baiskeli kutoka Uholanzi kwenda Roma. Tulialikwa na parokia ya huko yenye urafiki na parokia yetu. Walitupa baiskeli mbili na orodha ya nyumba za mapadre za kulala. Tulifuata mto Rhine tukaingia Ujerumani. Nilitegemea kuona geti na askari, lakini mpaka ulikuwa kibao tu pembeni mwa shamba la vitunguu. Wiki ya kwanza mume wangu alikuwa mbele. Mimi mapaja yaliwaka moto, nililia mara mbili, hakuniona. Wiki ya pili miguu ilizoea. Baada ya hapo niliamka kila siku kabla yake, nikitaka tu kujua kona inayofuata ina nini.

Tarehe 24 Mei, Jumamosi, tukiwa Austria, tulianza kupanda mlima wa Brenner kuelekea Italia. Mvua ilikuwa inanyesha na magari yalitupita karibu sana. Mnamo saa 4 asubuhi tulifika kwenye kituo kidogo cha treni. Mume wangu alishuka kwenye baiskeli akasema, "Mama Fabiola, mimi napanda treni. Na wewe panda."

Nilimjibu, "Wewe tangulia."

Sikumuuliza sababu. Uso wake ulikuwa umebadilika, nikaona nikiuliza nitamwaibisha.

Nilipanda peke yangu. Saa 8 mchana nilifika juu. Kibao kilikuwa kimeandikwa mita 1,370. Nilicheka kwa sauti, maana sisi kwetu tunalima juu kuliko hapo. Kisha nikashuka upande wa Italia, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Sijawahi kujisikia vile tangu nizaliwe.

Kuanzia siku hiyo, siku kumi na sita hadi Roma, mume wangu alisafiri kwa treni na mimi kwa baiskeli. Kila jioni nilimkuta kituoni akinisubiri na chai ndani ya chupa. Jambo lile hatukulizungumza. Tulifika Roma tarehe 9 Juni, tukapiga picha pamoja, kila mmoja ameshika baiskeli yake.

Jumapili tarehe 29 Juni, kwenye misa ya shukrani, mume wangu aliwaeleza waumini jinsi alivyovuka Brenner huku akinisukuma mgongoni kwa mkono mmoja. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye kwaya. Nami nilipiga kigelegele.

Tangu siku hiyo sikuweza kutulia. Baiskeli tulikuwa tumepewa turudi nazo. Kila asubuhi niliendesha hadi mjini na kurudi, sina ninachofuata. Nikikaa kushona naona kuta zinanisogelea. Watu wakaanza kumuuliza mume wangu mke wake anakwenda kwa nani. Mwezi wa tisa aliifungia baiskeli yangu stoo, akasema, "Hija imekwisha. Tulia nyumbani." Sikubishana.

Jumatatu tarehe 6 Oktoba, saa 12 asubuhi, mume wangu alikwenda kwenye semina ya makatekista. Nilivunja kufuli kwa nyundo, nikaondoka. Sikuacha ujumbe. Hilo ni kosa langu.

Mnamo saa 4:30 nilifika Dongobesh, mnyororo ukiwa umelegea. Nilikwenda kwa fundi baiskeli anayeitwa Joakimu.

"Shikamoo mama. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Mbele tu."

Alikaza mnyororo. Nilimwachia simu yangu aichaji, nikasema nitaipitia jioni. Nilijua siipitii. Sikutaka iite. Joakimu hakujua lolote. Nilikuwa nimeonana naye mara moja tu kabla ya hapo, na sina uhusiano naye wa aina yoyote.

Saa 11 jioni nilifika Basotu kwa wifi yangu Kornelia, mjane wa kaka yangu, anayeuza samaki. Jumanne na Jumatano nilizunguka kwa baiskeli kwenye barabara za mashamba ya ngano hadi jua kuzama, upepo unanitupa huku na huku. Kornelia aliniuliza, "Wifi, unakimbia nini?" Nikamwambia, "Sikimbii. Kukaa ndiko kunanishinda."

Jana Alhamisi, saa 3 asubuhi, mteja wa samaki kutoka Dongobesh alisema mama mmoja wa Tlawi ameuawa, na fundi aliyekutwa na simu yake yuko ndani tangu Jumanne. Alisema mume ndiye aliyemtaja fundi huyo kuwa hawara wa mkewe. Niliondoka saa ile ile. Nililala Dongobesh, na leo alfajiri nikaja hapa. Getini nilimkuta mke wa Joakimu na chakula cha mumewe. Nilimsalimia, hakuitikia. Simlaumu.

Naomba Joakimu aachiwe leo. Mume wangu hajawahi kunipiga, na simshtaki kwa lolote. Nimeulizwa kama narudi nyumbani. Nimesema iandikwe kwamba sijajua.

Hayo ndiyo niliyokuja kusema. Nimesomewa yote, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Sahihi ya shahidi: G. A. Tluway

MAELEZO YA ASKARI

Yamechukuliwa na mimi, WP Koplo Kissa, kwa Kiswahili, na kumalizika saa 5:05 asubuhi. Mume wa shahidi, aliyekuwa kwenye benchi la nje, aliitwa. Amemwona mkewe na kumtambua. Ameondoa tuhuma dhidi ya Joakimu, ambaye ameachiwa saa 5:40. Aliomba kusomewa maelezo haya, shahidi akaridhia. Baada ya kusomewa ameomba iandikwe kwamba tarehe 24 Mei alipopanda treni hakuwa mgonjwa, aliogopa, na kwamba Jumapili atasema hivyo mbele ya waumini. Nimemweleza kuwa hilo halihusiani na jalada. Amesema, "Andika tu, afande."

Nimeandika.