Gauni la Bluu la Rula

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Goti linaendeleaje, au bado ngazi za kazini unazipanda kwa kuugulia? Mimi sijambo, ila macho yamechoka. Mama naye yupo. Masikio yamegoma, ulimi bado mzima.

Nisikuzungushe. Mwanao amelazwa tangu Jumatano. Alianguka akipiga pasi shati ambalo alikuwa ameshalipiga pasi. Anaongea, lakini amebaki mifupa. Daktari anasema ni ugonjwa wa kujinyima chakula, na moyo umedhoofika.

Muuguzi aliniuliza binti ana tabia gani. Si unanijua, nikajitapa! Nikamwambia tunamwita Rula kwa kupenda kila kitu kinyooke. Haombi kitu, hakasiriki, huwapakulia wenzake kwanza, na akikosea kidogo hujilaumu wiki nzima. Akaandika yote, kisha akasema kwa upole, "Mama, wengi tunaowapokea na ugonjwa huu wako hivyohivyo." Nilitamani nirudishe maneno yangu.

Nina kosa langu pia, na naona haya kuliandika. Lile gauni la bluu ulilomtumia nimelibana mara nne tangu mwaka jana. Mara nne nimemzungushia futi ya kupimia kiunoni, pini mdomoni mwangu, na kila mara nikamwambia, "Umependeza, mwanangu." Fundi mzima! Akisema ameshakula, naamini. Wanasema macho hayana pazia. Yangu yalikuwa nalo.

Ukimpigia simu usimgombeze, wala usimwambie "kula tu, basi." Ameshaniomba radhi kwa kunisumbua. Nililia chooni asinione.

Jana alikunywa supu, vijiko vitatu. Halafu akauliza kama gauni linaweza kuachiwa tena, liwe pana kama mwanzo. Nikamwambia sikukata kitambaa hata kidogo, chote kimekunjwa ndani ya mshono. Akageukia ukutani. Sijui kama alifurahi au aliogopa.

Njoo, mdogo wangu. Usingoje likizo.

Mama anakusalimu na kukuombea. Kaka yetu dereva anasema atakupokea siku yoyote, saa yoyote. Mwanao hakutuma salamu; nilipomwambia nakuandikia, alisema nisikuandikie, utapata usumbufu bure.

Mungu akufungulie njia, akufikishe tukiwa wote bado tupo.

Wako akupendaye,
Dada yako.