Bi Kufuli Ameibwa

Jumamosi, 7 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote, kwa hiyo nakuambia wewe, daftari: Mjukuu wa Mtu ni mimi. Ile blogu ya Bi Kufuli, bibi anayefungia sukari kabatini na kuuficha ufunguo huku wajukuu wakiusaka nyumba nzima — naiandika mimi! Kwenye simu, nikijifanya nasoma Bayolojia. Nimefika sehemu ya kumi na moja. Nina wasomaji ishirini na wawili. Mmoja anajiita Msomaji Mwaminifu, na kila wiki huandika: "Tuongezee, mtunzi!" Nikiliona hilo nacheka peke yangu kama chizi.

Kuna siri ndani ya siri. Bi Kufuli ni bibi yangu mwenyewe, mzimamzima. Hata kikohozi chake cha kuonya nimekitia. Akijua, nimekwisha.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeibiwa!

Nimerudi kutoka shule nikakuta cherehani ya shangazi imenyamaza. Si kawaida, ana sare za watu kibao za kushona. Kumbe yeye na bibi wameinamia simu. Sauti ya mwanamume, nzito, ya mtangazaji: "Bi Kufuli akakohoa mara moja, na watoto wote wakajua..."

Maneno yangu! Yote! Chaneli inaitwa Sauti Tamu. Mtunzi: Sauti Tamu. Watazamaji elfu tisa. Katikati, tangazo la dawa ya chunusi.

Na hakubadilisha hata nukta. Sehemu ya sita niliimaliza mbiombio, nikaandika chini: "Naishia hapa, bibi ananiita nikamtungie uzi kwenye sindano." Basi naye kaisoma hiyohiyo, na sauti yake ya redio!

Bibi akapiga paja. "Mnamsikia kijana wa watu? Ana kazi zote hizo, bibi yake akimwita anaitika. Siyo wengine humu ndani, wakiitwa wanageuka viziwi."

Akanitazama mimi.

Shangazi akasema huyo kaka lazima na sura anayo. Nikakimbilia jikoni, nikajiziba mdomo kwa taulo. Sijui nilikuwa nacheka au nalia. Vyote.

Jumatano, 11 Machi

Nimemwendea mkutubi wa shule. Nikamwambia nina "rafiki" aliyeibiwa hadithi mtandaoni.

Akavua miwani. Akasema hakimiliki ni ya huyo rafiki tangu alipoiandika, hahitaji muhuri wa mtu. Kuweka kitu mtandaoni si kukigawa. Kwenye chaneli kama ile kuna fomu ya kulalamika. Ila lazima aandike jina lake kamili, na video ikiondolewa, jina la mlalamikaji hubaki palepale, kila mtu analiona.

Kila mtu. Yaani shangazi. Yaani bibi.

"Rafiki yako ni mwoga?" akauliza.

"Sana, mwalimu."

"Mwambie naisubiri sehemu ya kumi na mbili."

Mungu wangu! Katika wale ishirini na wawili, mmoja ni yeye!

Ijumaa, 13 Machi

Hii sasa ni vichekesho. Sehemu ya kumi na mbili, ya mwisho, nimeimaliza lakini nimegoma kuiweka. Leo Sauti Tamu kawatangazia watu wake: "Wapendwa, nipeni muda, bado natunga." Papo hapo kwenye blogu yangu, Msomaji Mwaminifu: "Mtunzi vipi? Watu wanasubiri!"

Watu gani?

Nikalinganisha picha zao. Kofia ileile. Ukuta uleule wa kijani. Msomaji wangu mwaminifu ndiye mwizi wangu! Nimecheka mpaka shangazi akauliza kama nina homa.

Hana mwisho. Mwisho ninao mimi.

Jumapili, 15 Machi

Kajitungia mwisho wake.

Bi Kufuli ni mchawi! Eti sukari alikuwa anawalisha paka weusi. Wajukuu wanamtupia virago nje na kupiga vigelegele. Halafu dawa ya chunusi.

Nilidhani bibi atacheka. Hakucheka.

"Hapana," akasema polepole. "Yule mama hakuwa hivyo."

"Mama, si hadithi tu hiyo," shangazi akamwambia.

"Najua ni hadithi. Lakini hakuwa hivyo. Alikuwa anafunga kwa sababu midomo ni mingi na mwezi ni mrefu. Hilo nalo ni la kumfukuzia mtu?"

Akaigeuza simu kifudifudi mezani. Cherehani ikaanza tena.

Mimi huyo, chumbani. Nikafungua fomu. Jina langu, la baba, la babu. Hadithi: Bi Kufuli, sehemu ya kwanza hadi ya kumi na moja. Mtunzi: mimi. Nikafumba macho, nikabonyeza Tuma.

Nikarudi chumba cha mbele. Bibi alikuwa anaishikiza vifungo sare yangu, akaniita nimtungie uzi. Niliitika kabla hajamaliza kuniita! Nikautunga. Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Bibi, mwisho si ule. Wa kweli ninao mimi."

"Umeutoa wapi?"

"Nimeuandika. Na zile nyingine zote."

Mguu wa shangazi ukabaki hewani juu ya pedali. "Wewe? Wewe usiyejua hata kubisha hodi?"

Nikavuta kigoda, nikafungua simu, nikaanza kusoma kabla sijabadili nia. Nilisoma vile Bi Kufuli, watoto wakiwa shuleni, anavyoongeza sukari bakulini, kidogo tu, isijulikane. Kisha anaurudisha ufunguo mafichoni, kwenye kopo la vifungo. Mjukuu mmoja alishaligundua kopo hilo zamani. Na Bi Kufuli anajua kwamba anajua.

Hapo nikainua macho, nikaacha kusoma. Kopo la vifungo lilikuwa mapajani mwa bibi.

Akaweka kiganja juu ya mfuniko. Akakohoa mara moja.

Shangazi akajiziba mdomo kwa kitambaa cha mteja.

"Endelea," bibi akasema.

Nikasogeza kigoda karibu yake, nikaendelea kusoma.