Baba Moraa, Hupo Kwenye Ramani

Baba Moraa,

Najua umelala na hujui lolote linaloendelea huku juu. Ndivyo kanisa letu linavyofundisha, na mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha hivyo kina mama siku ya Sabato. Kwa hiyo barua hii tusimwambie mchungaji. Ni mdomo tu umezoea kukueleza mambo.

Moraa wako ametengeneza gemu ya kompyuta. Ndiyo, ile kazi uliyokuwa ukiuliza kama ni kazi. Gemu yenyewe ni kilima chetu hiki, kuanzia mtoni mpaka kituo cha chai. Mchezaji anachuma majani, anabeba kikapu, anakimbia kabla lori halijaondoka. Pembeni mwa kioo kuna ramani ndogo ya kumwonyesha njia. Nilitafuta nyumba yetu, nikaiona. Nikatafuta kaburi lako kando yake. Hakuna.

Niliumia. Nikamwuliza, "Baba yako umemtupa wapi?" Akanionyesha kwamba ukitembea hadi kwenye migomba, kaburi lipo, na maua niliyopanda yapo. Ila kwenye ramani hakuliweka. Anasema ramani haionyeshi kila kilichopo, yeye ndiye anayechagua. Kila kitu, iwe mti, ng'ombe au nyumba, kina kisanduku chake. Akitia alama, kinatokea kwenye ramani. Akiiondoa, kinapotea, na chenyewe kimesimama palepale. "Mama, nikiweka vyote, mtu hataona chochote."

Kabla sijamaliza kununa, akaja ndugu yako Nyakundi. Alisikia sokoni Kebirigo kwamba Moraa amechora ramani ya kilima na boma lake halimo. Alikuja na hati ya shamba ndani ya mfuko wa nailoni, amevaa lile koti lake la mazishi.

"Mama Moraa, nimefutwa. Udongo wa ndugu yangu haujakauka, mmeanza kunisukuma."

Moraa akamwambia, "Baba mdogo, huu ni mchezo."

"Hata mpimaji anayekumegea shamba huja akicheka."

Ikabidi atiwe alama. Nyumba ya Nyakundi ikatokea kwenye ramani, nyekundu, kubwa kuliko kanisa. Akakubali chai, akaomba na mkate.

Jumapili vijana wa kwaya wakaja kuijaribu gemu. Nyakundi aliketi mbele kabisa, aone boma lake likipata heshima. Baba Moraa, hakuna aliyechuma jani. Kila mmoja akiona alama ile nyekundu anadhani kuna zawadi, anakwenda mbio kwa Nyakundi. Wanazunguka choo chake, wanapanda bati, wanamkimbiza ng'ombe.

"Huyo ni nani juu ya nyumba yangu? Mwambieni ashuke."

"Mzee, natafuta hazina."

"Hazina gani? Hapo kuna kuku analalia mayai."

Hata soda hakumaliza. Alimshika Moraa mkono. "Nitoe, mwanangu. Nitoe kabisa. Hati ninayo."

Nilicheka mpaka kitambaa kikaanguka kutoka kichwani. Halafu nikaacha kucheka. Nilikuona wewe pale kwenye migomba, na kwaya nzima ikikurukia kifuani ikitafuta hazina. Moraa alikuwa ananitazama. "Mama, nimtie Baba alama?" Nikamwambia akuache hivyo hivyo. Anayekutaka atakuja kwa miguu.

Walipoondoka nilicheza mwenyewe. Kikapu kimejaa, lori linapiga honi, mimi nikakata kona kwenye migomba, nikasimama karibu yako. Lori likaenda. Moraa akasema nimeshindwa. Nikamwambia sawa.

Pale pale nikaona kitu kingine. Upande wa pili wa nyumba, ule ambao kwetu mke huzikwa, mtoto wako ameacha kiwanja kitupu, hakuna hata nyasi. Nilipomwuliza aliangalia chini. Nimemwambia apande chinsaga, watu wapate mboga, kwani sina haraka.

Lala vizuri. Magugu yako nitayang'oa kwa mikono hii, hapa penye udongo wa kweli, maadamu Mungu ananipa mgongo. Na parapanda ikilia, wewe zunguka nyumba tu. Nitakuwa nyuma ya mboga.

Mama Moraa