Vipele Nilivyomficha Daktari

Jumanne alasiri, Igogo. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya ziwa na mvua hainyeshi. Saluni nimeifunga. Naandika kwa jicho moja, la kushoto nimelifunika kwa sababu mwanga unalichoma.

Nimefanya ujinga, na leo nausema.

Kwa wasionijua, mimi ni msusi. Miezi mitano sasa jicho langu la kushoto linavimba kwa ndani. Linakuwa jekundu, linauma, naona ukungu. Natia matone, linatulia, halafu linarudi. Wiki iliyopita mteja aliinuka kitini na mistari imepinda kichwa kizima. Alicheka kwa adabu. Mimi sikucheka, maana msusi asiyeona mstari wa nywele atakula nini?

Ndipo daktari wa macho akasema tuache kubahatisha. Alinitia ganzi, akanidunga jicho, naam, jicho lenyewe, kwa sindano nyembamba, akavuta maji. Matone mawili tu. Yalikwenda maabara Dar yatafutwe vinasaba vya vijidudu, ili ajulikane mwenye kosa na nipewe dawa yake hasa. Lakini alinieleza wazi kwamba maji hayo hayatoshi kupima kila kitu, kwa hiyo atachagua cha kupima kutokana na majibu yangu.

Akauliza kama nyumbani kuna aliyeugua kifua kikuu. Nikasema baba mdogo. Kuna paka? Wapo. Nimewahi kupata mkanda wa jeshi?

Nikasema hapana.

Nilisema hapana kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu. Alitoka Magu kuja kuniuguza, na habanduki. Nani hapa asiyejua watu wanavyokuangalia ukitaja mkanda wa jeshi? Nami niliupata mwaka mmoja kabla ya ndoa, vipele vichache pale nywele zinapoanzia, upande huu huu wa kushoto. Nilipima UKIMWI mara tatu, vituo vitatu tofauti, sina. Hata hivyo nikaanza kusuka nywele za kulalia kwenye paji, na tangu hapo sijabadilisha mtindo. Masanja, mume wangu, anadhani ni urembo.

Leo majibu yamerudi. Kifua kikuu hakuna. Vijidudu vya paka hakuna. Daktari akasema basi huenda kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayolishambulia jicho, akaanza kuniandikia vidonge vya kuishusha. "Vina nguvu sana hivi," akasema. "Kama kungekuwa na kirusi humo ndani, mathalani kile cha mkanda wa jeshi, nisingethubutu kukupa. Kingelila jicho lote."

Kalamu inaandika. Mama mkwe amepakata kanga yangu magotini, anaikunja.

Nilitaka kumwomba atoke nje, lakini mkamwana unamtoaje mama mkwe chumbani? Nikavua kilemba, nikapandisha nywele.

"Daktari, niliupata. Hapa."

Akaweka kalamu chini. Alimulika makovu, hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akapiga simu Dar. Yale maji yamekwisha yote. Kwa hiyo kesho asubuhi nadungwa tena jicho lile lile, kutafuta hicho kirusi, na karatasi ya vile vidonge ameichana mbele yangu.

Naogopa sindano. Naogopa zaidi kwamba nimechelewa. Nilimuuliza kama jicho litapona, akasema tusubiri kipimo, hakuniahidi kitu.

Tukarudi nyumbani, mama mkwe ametangulia. Aliketi barazani, akavua viatu, akaniuliza, "Masanja anajua?"

"Hapana, mama. Lakini nilipima, sina..."

"Sijakuuliza hayo. Mwambie leo, kabla hajaniuliza mimi. Mimi mwanangu simdanganyi."

Kisha akaingia ndani kuchambua mchele.

Sijui kama amekasirika au ananihurumia. Uso wake hausomeki, hata kwa mwenye macho mawili mazima.

Masanja anarudi saa kumi na moja. Nimeanza kuzifumua nywele. Akiingia atakuta paji liko wazi, na kabla hajauliza nitakuwa nimeshaanza kusema.